Machale yakikucheza: mbwa anachechemea na hakuna aliyeona

Barua za mwezi huu zimefuatana kama siafu, karibu zote za mbwa na miguu yao, na karibu zote zina maneno yaleyale: hakuna aliyeona. Mbwa alifunguliwa jioni akiwa mzima, asubuhi anaruka kwa miguu mitatu. Tumechagua tisa. Lakini kama unasoma hapa huku mfupa umetoka nje, damu haikatiki au fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, weka gazeti chini uende kwa daktari kwanza. Vivyo hivyo kama mguu unavimba huku unautazama. Huyo mara nyingi ni nyoka, kifutu hasa: usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na usimtembeze mbwa; mbebe.

Shikamooni. Nina mbwa dume wa miaka 4, chotara wa German Shepherd, kilo 31. Siku 19 zilizopita alikutwa asubuhi hakanyagi mguu wa nyuma wa kulia. Mtaalamu aliyekuja nyumbani alimpapasa, akasema ameteguka, akamchoma sindano. Siku mbili alikimbia kama kawaida, kisha hali ikarudi. Sasa anagusisha ncha za vidole tu, na akikaa anautupa mguu pembeni. Nyumbani wananiambia namdekeza. Mimi machale yananicheza.
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

Marahaba. Machale yako yana sababu tatu, na zote umeziandika mwenyewe. Kwanza, msuli ulioteguka kidogo kwa kawaida hupata nafuu siku hadi siku; kufikia siku ya 10 mbwa anakuwa karibu mzima. Wako yuko siku ya 19 na hasogei mbele. Pili, alipona kwa sindano na akaugua sindano ilipokwisha, maana yake dawa iliondoa maumivu na kilichoyaleta kikabaki palepale. Tatu ni hilo la kukaa. Mbwa mzima hukaa amekunja magoti yote mawili, miguu imeingia chini ya mwili. Anayeutupa mmoja nje anakwepa kulikunja goti.

Tukiziunganisha, tunashuku kano ya goti. Ndani ya goti la mbwa kuna kano mbili zinazopishana kama mkasi, na ile ya mbele ndiyo inayokatika sana. Kwa binadamu hukatika uwanjani, kwa kishindo. Kwa mbwa huchakaa kidogo kidogo kama kamba ya kisima, uzi mmoja baada ya mwingine, hadi siku anapogeuka tu kumfukuza paka ule uzi wa mwisho unaachia. Ndiyo sababu hakuna aliyeona: hapakuwa na tukio la kuona. Usimlaumu mlinzi kabla goti halijapimwa.

Kumpapasa mbwa wa kilo 31 akiwa macho, amekaza paja kwa maumivu, hakutoi jibu la kuaminika. Kipimo chenyewe ni hiki: daktari hushika mfupa wa paja kwa mkono mmoja na muundi, ule mfupa wa chini ya goti, kwa mwingine, kisha anausukuma muundi kwenda mbele. Ukiteleza kama droo ya kabati, kano imekatika. Paja likikazwa droo haifunguki, na daktari anaondoka akiamini goti ni zima. Kwa hiyo omba apimwe akiwa amechomwa dawa ya usingizi mwepesi, na sema hivyo hivyo: "Daktari, naomba tumlaze umpime goti amelegea, na tupige eksirei ya magoti yote mawili." Mbwa asile kwa saa 8 kabla ya hapo, maji anywe.

Kuhusu eksirei, fahamu mapema kwamba kano haionekani kwenye picha. Kinachoonekana ni maji yaliyojaa gotini na vijifupa vya kando kama ugonjwa ni wa muda. Picha zipigwe mbili, moja ya ubavu na moja ya mbele. Ukiambiwa "picha safi, hana kitu", jibu kwa adabu kwamba picha safi inaondoa habari ya kuvunjika, haiondoi habari ya kano.

Kabla ya kwenda, fanya mambo matatu. Mrekodi kwa simu akitembea taratibu mita 10 kwenda na mita 10 kurudi kwenye sakafu ngumu, umpige picha kutoka ubavuni, mbele na nyuma, kisha akikaa na kuinuka. Mbwa wengi wakifika kliniki hofu huwafanya watembee kana kwamba hawana lolote, na hapo video ndiyo shahidi wako. Chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa mapaja yote mawili kwa kimo kilekile, mbwa akiwa amesimama. Paja lisilotumika huanza kusinyaa ndani ya wiki 2 au 3, na tofauti ya sentimita moja na nusu si ya mkono wako kutetereka. La tatu, mpigie aliyemchoma sindano umwulize jina la dawa. Kama ilikuwa deksamethasoni au ndugu zake wa jamii ya steroidi, daktari wa pili lazima ajue, maana dawa hizo zikikutana na dawa nyingine za maumivu huweza kutoboa tumbo.

Matibabu? Mbwa mdogo, chini ya kilo 15, pengine hupona kwa kufungiwa wiki 6 hadi 8. Wa kilo 31 mara chache. Goti hubaki linacheza, gegedu, lile tabaka laini la ndani ya kiungo, inasagika, na siku moja unasikia "tik" kila akipiga hatua. Upasuaji upo wa aina mbili. Mmoja hukaza goti kwa uzi mnene wa nailoni kwa nje. Mwingine hukata muundi, hubadili mteremko wake na kuufunga kwa bamba la chuma. Huo unataka daktari aliyefunzwa na vifaa ambavyo havipo kila mji. Vyovyote itakavyokuwa, kuanzia leo usimfungue usiku. Kamba fupi, dakika 5, mara 3 kwa siku, kujisaidia tu. Na apungue uzito kama amezidi, kwa sababu mbwa wengi waliokatika goti moja hukatika na la pili ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kutaka daktari wa pili si kumtukana wa kwanza. Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 inatofautisha daktari wa mifugo na mtaalamu msaidizi, na Kenya nayo inayo kama hiyo ya 2011. Uliza aliyekuja kwako ni yupi kati ya hao wawili. Kwa walio karibu na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa walio Nairobi kuna ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete.

Mbwa wangu anachechemea mbele, lakini hata mguu wenyewe siujui ni upi. Nikimshika popote ananyamaza. Naanzia wapi?
*Msomaji, Dodoma*

Anza kwa macho, mikono baadaye. Mtu mwingine amtembeze taratibu, kamba ikiwa imelegea, wewe simama mbele yao utazame kichwa. Mguu unaouma ukikanyaga, kichwa kinapanda. Mguu mzima ukikanyaga, kinashuka. Wengi husoma kinyume, wakaukagua mguu mzima saa nzima. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga: ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Kunyamaza kwake kusikudanganye. Mbwa halii kwa kila maumivu. Tazama mambo madogo: analamba midomo, anageuza kichwa haraka kuelekea mkono wako, anaacha kuhema ghafla, anakaza mguu. Hilo ndilo "hapo, hapo" lake.

Sasa mikono. Mguu mzima kwanza, ili akuzoee na wewe ujue ulivyo wa kawaida. Kisha ule mbovu, ukianzia chini kabisa. Panua vidole kimoja kimoja, tazama katikati yake juu na chini, maana hapo ndipo kupe hujibanza wanene kama maharage na funza hutaga. Bonyeza kila ukucha kwa upole. Uliopasuka kwenye shina hauonekani mpaka uutikise. Usisahau ukucha wa ndani ule wa juu usiogusa ardhi. Usipokatwa hujikunja ukazama nyamani. Baada ya hapo panda kiungo kimoja kimoja, ukikunja na kukunjua, huku ukilinganisha joto kwa mgongo wa kiganja chako. Ukifika panapouma, simama. Huna haja ya kupabonyeza mara ya pili kuhakikisha.

Kwenu Dodoma tungeweka dau kwenye mwiba wa mgunga. Ncha huvunjikia ndani, tundu linaziba kwa siku moja, na unabaki na mbwa anayelamba sehemu moja kutwa. Kama ana manyoya meupe, yanayolambwa hugeuka rangi ya kutu kwa mate, nayo yatakuonyesha pa kutazama. Chemsha lita moja ya maji, weka vijiko 2 vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, acha yapoe hadi yawe vuguvugu tu, loweka wayo dakika 10, mara 3 kwa siku, kisha kausha katikati ya vidole. Ncha ikichomoza, itoe kwa kibano. Usikamue. Kukamua husukuma mwiba juu zaidi kwenye mfereji wa kano, na wiki ijayo tundu linatokea sentimita 5 kutoka lilipoingilia. Kidonda kinachofunga na kufunguka tena baada ya siku 3 au 4 za kulowekwa kina kitu ndani, na kitu hicho hakitolewi kwa vidonge vya antibayotiki hata ukibadilisha aina tano. Ni kupasua na kukitafuta.

Naweza kumpa Panadol au Brufen kidogo wakati nasubiri daktari wa Jumatatu?
*Msomaji, Nakuru*

Hapana. Parasetamoli, ndiyo Panadol, inaweza kumharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ibuprofeni, ndiyo Brufen, humchubua tumbo hadi litoke damu na kuua figo. Kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo 8 ni miligramu 50 kwa kila kilo, wakati 25 tu zinatosha kumfanya atapike. Diklofenaki nayo usiiguse.

Wajanja watakuambia meloksikamu ni salama kwa kuwa madaktari wa mbwa wanaitumia. Kweli wanaitumia, kwa miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza na 0.1 kwa kilo siku zinazofuata. Mbwa wa kilo 15, katika siku hizo zinazofuata, anahitaji miligramu moja na nusu. Kidonge cha binadamu cha 15 ni mara 10 ya hiyo. Hadi Jumatatu mfungie chumba kidogo chenye sakafu isiyoteleza, na uweke barafu iliyozungushiwa taulo panapovimba kwa dakika 10, mara 3 kwa siku. Maumivu yasipompa usingizi, Jumatatu ni mbali. Tafuta daktari leo.

Habari zenu madaktari. Wetu alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nikiwa bado natafuta mwiba, siku ya tatu ukapona, sasa ni wa nyuma wa kulia. Hali chakula vizuri, analala sana. Mume wangu anasema mbwa anajifanya.
*Msomaji, Kitale*

Mama, mbwa hajui kujifanya kwa kupokezana miguu. Maumivu yanayohama hutoka kwenye damu au kwenye mifupa yenyewe, na huku kwetu cha kwanza kushukiwa ni homa ya kupe.

Nunua kipimajoto cha kawaida, kipake mafuta ya mgando, kiingize sentimita 2 au 3 njia ya haja kubwa, subiri dakika moja. Mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2. Akipita 39.5 ana homa. Inua mdomo utazame fizi: ziwe nyekundu za waridi, na ukibonyeza kwa kidole weupe urudi kuwa mwekundu kabla ya sekunde 2. Fizi zilizopauka, madoa mekundu tumboni, damu puani, mkojo wa rangi ya chai iliyokolea: yoyote kati ya hayo, nenda leo.

Daktari atachukua tone la damu sikioni atazame kwa darubini. Kipimo hicho kinafaa gharama yake, kwa sababu homa za kupe si moja. Moja hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, nyingine kwa sindano tofauti kabisa, na mbwa anaweza kuwa nazo zote. Doksisaiklini mpe na chakula, kamwe usimmezeshe kavu. Ikikwama kooni inachoma. Na zimalizike siku zote 28. Siku ya 4 atakuwa anabweka na kula, na hapo ndipo dawa nyingi huachwa kabatini. Nyunyizia pia banda, hasa nyufa za ukuta na chini ya mbao. Kupe wa mbwa hutagia huko, si mwilini.

Ila kama ni German Shepherd au aina nyingine kubwa wa miezi 5 hadi 18, damu ni safi na kupe hana, yapo maumivu ya mifupa ya ukuaji yanayohama vivyo hivyo na kuisha yenyewe. Daktari atayaona kwenye eksirei.

Mtoto wa mbwa, miezi 4, miguu ya mbele inapinda na juzi alishindwa kusimama. Hakuanguka, nina hakika. Nampa maini, mapafu na ugali, anakula vizuri mno.
*Msomaji, Mwanza*

Tunakuamini kwamba hakuanguka. Mifupa yake inakunjika kwa uzito wake mwenyewe. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, maini ndiyo zaidi, na ugali hauongezi kitu. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaichimba kwenye mifupa. Anashiba, ananenepa, na kila gramu anayoongeza inakandamiza mifupa iliyobaki laini kama kijiti kibichi.

Apigwe eksirei, ikiwa ni pamoja na uti wa mgongo. Mshike kidogo iwezekanavyo, na ukimnyanyua mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Alale kwenye boksi lenye blanketi, asiruke wala kupanda ngazi, kwa wiki 4 angalau. Chakula bora ni cha dukani cha watoto wa mbwa. Ukishindwa, mko Mwanza: dagaa wazima na mifupa yao, walioloweshwa chumvi itoke. Au kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini, weka kijiko cha chai kisichojaa kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Ukishahamia chakula cha dukani, acha unga huo. Kalsiamu ikizidi nayo hupotosha miguu, hasa kwa mbwa wa aina kubwa. Daktari akitaka kumchoma kalsiamu, hilo ni lake. Wewe usinunue sindano ukamchoma.

Rottweiler, miaka 9. Uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele. Tuliambiwa aligongwa. Tumemchua na mafuta ya moto wiki tatu, unakua. Usiku anahangaika.
*Msomaji, Mombasa*

Acheni kuchua leo. Uvimbe wa kugongwa hupungua; huu unakua. Mbwa mkubwa, miaka inakaribia 10, uvimbe mgumu kama mfupa, mahali hapo hasa, maumivu ya usiku. Tunalazimika kuiandika: saratani ya mfupa. Kuna kanuni ambayo wanafunzi wa udaktari wa wanyama hukariri, kwamba saratani hii hupenda mbali na kiwiko na karibu na goti. Juu ya kifundo cha mbele ni mbali na kiwiko.

Inaweza kuwa usaha ndani ya mfupa au kuvu, kwa hiyo eksirei ipigwe wiki hii, ya mguu na ya kifua pia kwa kuwa mapafu ndiko inakohamia. Picha ikiwa na utata, irudiwe baada ya wiki 2 hadi 4 au ikatwe nyama ya kupimwa. Mpaka hapo asiruke kutoka kwenye gari, kwani mfupa ulioliwa huvunjika kwa kuruka tu.

Kukata mguu huwatisha wenye mbwa kuliko mbwa. Wengi hutembea kwa miguu mitatu ndani ya siku chache, na maumivu yale yanaondoka na mguu. Lakini haiponyi: kwa kukata peke yake mbwa wengi huishi miezi 4 au 5, wakiongezewa dawa za saratani huelekea mwaka. Kama hilo haliwezekani kwenu, dawa kali za maumivu za daktari na kumlaza kwa amani siku zitakaposhindwa kumtuliza si ukatili.

Mbwa alikuwa na kidonda kidogo mguuni, mwezi mmoja nyuma, hatukujua kimetoka wapi, kikapona. Tangu jana anavuta miguu ya nyuma na sauti imekuwa ya ajabu. Hajawahi kuchanjwa. Tunamlisha kwa mkono.
*Msomaji, Kilosa*

Toa mkono. Kidonda kisichojulikana, mbwa asiyechanjwa, kisha kupooza na sauti kubadilika: mpaka daktari aseme vinginevyo, chukulia ni kichaa cha mbwa. Si lazima awe mkali. Kipo cha kupooza, chenye mate na macho ya kulegea, na hicho ndicho huwaponza watu kwa sababu humwonea mbwa huruma. Mguso wa mate kwenye mkwaruzo unatosha.

Mfungie mahali ambapo mtoto hafiki, maji msukumie kwa fimbo, mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi. Kila aliyeng'atwa, aliyelambwa kwenye kidonda au aliyemtia mkono mdomoni aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo hii kuanza chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa. Mbwa akifa au akiuawa, kichwa kisipondwe, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Pengine ni uti wa mgongo tu, amegongwa na bodaboda. Hilo litajulikana baadaye, mikono ikiwa imeshaoshwa.

Kijana wangu alimfunga mbwa banzi la mti kwenye paja lililovunjika. Amefanya vizuri?
*Msomaji, Moshi*

Nia njema, mahali pabaya. Banzi linashika tu likivuka kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, na juu ya paja kuna nyonga, isiyofungika. Matokeo yake uzito wa banzi unaning'inia chini ya mvunjiko kama timazi ya fundi mwashi na kuuzungusha kila hatua. Paja na mkono wa juu usifunge: mlaze kwenye ubao au blanketi, mpeleke. Chini ya goti na chini ya kiwiko unaweza, kwa pamba nyingi, na uache ncha za vidole viwili vya katikati nje. Tazama kucha za vidole hivyo asubuhi na jioni. Zikianza kuachana, vidole vimevimba na bandeji imebana. Ikatwe mara moja. Bandeji iliyolowa au inayonuka haikaushwi, inabadilishwa.

Nahisi mlinzi wetu anajua kilichompata mbwa lakini anasema hakuona. Nifanyeje?
*Msomaji, Kiambu*

Mtu anayeogopa kufutwa kazi haoni kitu. Mwambie mapema, mbele ya mashahidi ukipenda, kwamba hatafutwi mkosaji, na uulize tukio badala ya mtu: gari lilirudi nyuma? lango lilifungwa kwa nguvu? alipita mbwa mwingine?

Jibu linabadilisha matibabu. Kama ni gari, mguu unaweza kuwa shida ndogo kuliko zote. Hesabu pumzi akiwa amelala, zikizidi 40 kwa dakika apigwe eksirei ya kifua, na hakikisha amekojoa ndani ya saa 12, kwani kibofu hupasuka. Mapafu yaliyochubuka huweza kuonekana mabaya siku ya pili kuliko ya kwanza. Kama ni lango, ngozi iliyobanwa huonekana nzima siku 3 hadi 5 kisha inakuwa nyeusi na kubanduka, kwa hiyo arudi kwa daktari siku ya 5 hata akitembea. Kama ni panga juu ya kisigino, kano imekatwa na isiposhonwa mapema atatembelea kisigino maisha yake yote. Na waya wa mtego huzama chini ya manyoya usionekane: pitisha kidole kuzunguka mguu, utafute mstari uliobonyea na uvimbe chini yake.

Mlinzi akizidi kunyamaza, chukua tochi ukakague lango usiku huo kabla halijaoshwa. Manyoya na damu huweza kubaki kwenye reli ya chini.